Mzizi Katika Uji wa Naul

Lisemwalo lipo, walisema wanawake waliokuwa wakiosha mizizi ya jinsengi kwenye mabeseni, na hilo walilosema likamkaa Mama Naul kama mwiba wa samaki kooni. Ng'ambo ya mto, eti, kuna mtoto alipewa vidonge vya kulaza kinga ya mwili, akashikwa na mafua, mafua tu, asiamke tena.

"Huyo mtoto jina lake nani?" akauliza.

"Jina la nini? Mtoto ni mtoto," alijibu jirani yake, Mama Dokyeong, mkono ukiendesha brashi. "Mji mzima huu wa Geumsan tunawauzia watu mzizi wa kuamsha kinga, wewe ya mwanao unailaza! Haya, shauri yako."

Wakaangua kicheko. Mama Naul aliinamia beseni lake akaendelea kusugua mzizi uliokwisha kutakata.

Naul, bintiye wa pekee, alikuwa na ugonjwa wa tumbo usioonekana kwa watoto ila mara chache sana. Akila anatapika, na matapishi yana michirizi ya damu. Daktari Pyo wa hospitali kubwa ya mjini Daejeon ndiye aliyeutambua. Siku ile alimshika Mama Naul mkono wenye kovu, ule uliobabuliwa na mvuke wa jungu la kupikia jinsengi nyekundu.

"Walikubandika nini kwanza hapa?"

"Ngozi ya marehemu mmoja. Ilikaa kidogo, ikajikunja, ikabanduka."

"Halafu?"

"Ya paja langu. Ndiyo hii."

"Basi umeshaelewa. Mwili una walinzi. Ngozi ya mgeni waliifukuza, ya kwako wakaivumilia. Walinzi wa Naul wamepotewa na akili, wanalipiga tumbo lake mwenyewe kama la mgeni. Vidonge hivi vinawatuliza. Avimbe mashavu, aonekane mzima, usiviache ghafla. Umenisikia, Mama Naul?"

Alisikia. Lakini maneno ya daktari ni ya siku moja, na ya kwenye mabeseni ni ya kila siku. Majira ya kikohozi yalipofika na darasa la Naul likawa nusu tupu, vidonge vikaenda chooni. Badala yake alichemsha uji wa mchele kwa mzizi mnene wa shamba lao, akautia asali.

"Chungu, Mama!"

"Kunywa, mwanangu. Hiyo ndiyo nguvu yenyewe."

Mashavu ya mtoto yakapungua, akarudi kuwa na sura yake ya zamani. Mama Naul akajipongeza kimoyomoyo. Kisha asubuhi moja Naul aliinama kuvaa viatu vya shule, asiinuke. Alitapika pale mlangoni, jasho likimtoka, mwili baridi kama samaki wa sokoni.

Hospitalini daktari kijana alimbonyeza tumbo, mtoto akalia bila sauti. "Huenda limetoboka. Watayarishe chumba cha upasuaji."

Daktari Pyo aliingia mbiombio. "Kuna dawa aliyokosa?"

Mama mkwe wa Mama Naul, aliyekuja na matope ya shamba bado kwenye viatu, akadakia: "Akose vipi? Mkwe wangu huyu humpa hata jua halijachomoza. Nyumba yetu haina uzembe, daktari."

Mama Naul akashika ukingo wa kitanda. Akisema, amemfanya mama mkwe mwongo mbele ya watu, na yeye mwenyewe amejitangaza mbaya wa mwanawe. Midomo ya Naul ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Kitanda kikaanza kusukumwa.

"Nimeviacha," akasema.

Magurudumu hayakusimama.

"Nimeviacha vidonge! Mimi! Ni wiki ya tatu sasa. Nimempa jinsengi!"

"Simamisheni!" Daktari Pyo aliagiza sindano ya dawa ile ile, akaagiza maji ya mshipa, na huku akifunga mpira mkononi mwa mtoto akasema bila kugeuka, "Mwili hujitengenezea wenyewe kitu kama dawa hii; wake ulizoea kuletewa, ukaacha kutengeneza. Umeukatia ghafla, ndiyo maana tumbo linauma hivi. Tungempasua hivi, angetufia mezani."

Mama mkwe alimpa Mama Naul mgongo, akaelekea ukuta. Mama Naul akatazama tone likifuata tone, akimsimulia habari ya mtoto wa ng'ambo ya mto, hadi vidole vya Naul vilipoanza kupata joto. Ndipo mama mkwe akasema, uso bado ukutani: "Mimi ningezisikia hizo habari, ningemtilia mzizi mnene kuliko wako."

Naul alipona kuanguka kule. Tumbo halikupona. Walinzi wameamka, damu imerudi, na vidonge vimeanza upya, vingi kuliko mwanzo. Kama ni jinsengi iliyowachochea, au ni kukosa dawa tu, Daktari Pyo amesema hajui. Mama Naul naye amebaki hajui.

Wewe mwenye mtoto wa namna hii, epuka haya:

Kuacha dawa ghafla, hata mtoto akiwa anacheza.
Kumpa mzizi, pembe ya paa, au chochote cha "kuongeza kinga" bila kumwambia daktari.
Kumpeleka penye watu wanaokohoa. Hofu ya mafua ni ya kweli, ila dawa yake si kutupa vidonge.
Kuamini habari ya mtoto asiye na jina.
Kumwachia mtu mwingine akujibie mbele ya daktari.
Kunyamaza kwa aibu.