Kidole Gumba cha Harshad

Harshad alilibonyeza tairi kwa kidole gumba, akasubiri lijibu. Akabonyeza tena, safari hii kwa uzito wa mwili mzima, mpaka kiwiko kikatetemeka. Mpira haukusema kitu. Mteja alikuwa amenyamaza mbele yake kwa adabu, kama mgonjwa anayesubiri daktari amalize kumsikiliza kifua. Harshad akatikisa kichwa taratibu, mithili ya mtu aliyenong'onezwa siri. "Hili linafaa," akasema. "Chukua."

Mteja akashukuru, akaondoka nalo begani kuelekea Msimbazi. Harshad alibaki ameushika ukingo wa meza. Kwa miezi saba sasa alikuwa akidanganya hivyo, na kila tairi lililotoka dukani lilimfuata mpaka kitandani.

Duka lake la Mtaa wa Sikukuu halikuwa na kibao cha maana, lakini waendesha baiskeli za milimani walilijua, hata wale wa mikoani. Tairi zake nyingi zilikuwa za mtumba, zilizoshuka bandarini ndani ya kontena pamoja na baiskeli kuukuu. Meno ya tairi kila mwenye macho huyaona: mafupi yaliyosongamana ni ya kiangazi, ya ardhi kavu iliyoshikana kama ya Pugu mwezi wa nane, marefu yaliyoachana ni ya mvua, ili tope lipate pa kutokea, na lile pana lenye mgongo laini ni la mchanga wa Kigamboni. Hayo mtu hujifunza kwa siku moja. Kazi iko kwenye mpira wenyewe. Tairi lililopigwa na jua miaka mitano hukauka, na lililokauka likipakwa mafuta hung'aa kuliko jipya. Meno yote yapo, uhai haumo, na siku litakapokutana na jiwe lililolowa ndipo mwenye baiskeli atajua alichonunua. Mpira ulio hai hukubali kidole, ukazama kidogo, kisha ukakirudisha. Kurudishwa huko ndiko kulikomlisha Harshad miaka arobaini na mmoja.

Sasa kidole kilikuwa kimekufa. Habari hiyo aliipata jikoni kwao Upanga, asubuhi moja alipokuwa akimsaidia mkewe, Ranjanben, kugeuza chapati kwenye chuma. Alisikia harufu ya nyama inayoungua, katika jiko ambalo nyama haijapata kuingia, akafungua kinywa aulize imetoka wapi. Ranjanben alipiga ukelele na kumvuta mkono kutoka kwenye chuma. Daktari akasema ni sukari, mishipa ya fahamu imekwisha, na ilichokwenda nacho haikirudishi. "Mwambie Marcelino basi," Ranjanben alimsihi. Marcelino alikuwa fundi wake kwa miaka kumi na tisa, mtu wa maneno machache, aliyefunga tairi ambazo Harshad alizichagua. Harshad alimwapisha mkewe asimwambie mtu yeyote. Mficha maradhi kilio humuumbua; methali hiyo yeye mwenyewe alipenda kuwatania nayo wateja wenye spoku zilizolegea.

Siti alikuja mchana wa siku hiyo hiyo, Alhamisi, mawingu ya vuli yakiwa yametanda, baiskeli ameiegemeza kiunoni. Harshad alimjua tangu alipokuwa akiletwa na baba yake kununua tyubu. Siku hizi aliongoza wageni kwa baiskeli kwenye njia za milimani juu ya Morogoro. Alikuwa na kovu jipya kidevuni, bado jekundu, na alama za nyuzi zilihesabika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti yangu. Kidevu kimefanya nini?"

"Nimeanguka, babu. Wiki tatu hizi. Kwenye yale mawe ya kuteremkia, mvua imeshanyesha. Tairi la mbele likanitoka, sijui hata ilikuwaje." Alicheka kidogo, kisha akakishika kidevu maana kicheko kilikivuta. "Upande wa kushoto ni korongo. Nilishikwa na mzizi. Wageni wanaangalia, mmoja analia. Nimejilaumu mpaka basi, nikasema nilibana breki kama mtoto."

Harshad aliliangalia tairi la mbele. Alilikumbuka. Alilichagua yeye, hapa hapa, akalibonyeza mara mbili na kutikisa kichwa.

"Kampuni imenipa Jumamosi moja tu," Siti aliendelea. "Njia ile ile, wageni wengine. Nikianguka tena wamesema nisirudi. Lakini sijali sana wao. Naogopa lile korongo, babu, naliota. Nikasema potelea mbali, nakwenda Dar kwa babu Harshad, anichagulie kwa mkono wake. Treni yangu ya saa kumi."

Kwa mkono wake! Harshad alisema ngoja nikutazamie stoo, akaingia nyuma kwa hatua za haraka zisizolingana na umri wake, akavuta pazia.

Stoo ilijaa giza na harufu ya mpira. Aliangua tairi nne za mvua kutoka kwenye misumari, zote za meno marefu, zote zikimeta. Akabonyeza la kwanza kwa gumba la kulia, kisha la kushoto. Ganzi. Akajaribu kwa kiganja, kwa kifundo, kwa shavu. Alipiga magoti sakafuni. Aliomba, bila kujua anamwomba nani kati ya wale aliofundishwa na mama yake, apewe kidole chake kwa dakika tano tu, kisha kichukuliwe. Ndipo alipolileta tairi kinywani, akaling'ata. Meno yake matatu ya mbele yalikuwa ya bandia. Alitafuna jino la tairi kama ng'ombe, mate yakimchuruzika kwenye ndevu, machozi nayo yakiwa yameshaanza, na hakuweza kujua kama mpira ulikuwa laini au yeye ndiye aliyekosa nguvu.

Pazia lilisogea. Marcelino alisimama mlangoni, spana mkononi.

"Mzee," akasema kwa upole, "hilo liache. Limekauka."

Harshad alilitoa tairi kinywani. "Umejuaje? Hujaligusa."

"Nililigusa lilipoingia. Nilizigusa zote."

Ilimchukua Harshad muda kuelewa. Marcelino aliinama, akaanza kuziokota tairi, akisema huku akitazama kazi ya mikono yake. Tangu mwezi wa tano alikuwa ameona mzee anabonyeza mahali palipopasuka na kusifu. Hakutaka kumvunjia heshima mbele za watu. Basi mzee kila alipochagua bovu, yeye alilichukua kwenda kulifunga huku nyuma, akalibadilisha na zima la meno yale yale. Waliobeba mikononi aliwavuta kando, akawaambia subirini nilisafishe. Wengi aliwawahi.

"Wengi," Harshad alisema.

"Leo huyu wa asubuhi nimemkimbilia mpaka kituo cha mafuta. Nimempata."

"Na Siti?"

Marcelino alirudisha tairi moja msumarini. Kisha akasema, "Siku ile nilikuwa msibani, mzee. Kwa shemeji yangu. Ulilifunga mwenyewe."

Harshad alipandwa na hasira kwanza, na aliishukuru hasira hiyo kwa kuwa ilimpa pa kushika. Kwa nini hakuambiwa? Alikuwa nani katika duka lake, sanamu la kutikisa kichwa? Alitaka kusema hayo yote. Lakini macho yake yaliangukia alama za meno yake kwenye mpira, bado zimelowa mate, na hasira ikamwishia mwilini. Miezi saba watu waliteremka milima salama kwa kidole cha mtu mwingine. Wachache tu walichaguliwa na cha kwake, na mmoja wao alikuwa ameketi pale nje na kovu.

Alijifuta ndevu kwa leso, akatoka. Siti alikuwa amekaa kwenye benchi, akilizungusha gurudumu polepole.

"Siti," alisema. "Hukubana breki vibaya."

Msichana aliinua uso.

"Tairi lilikuwa limekufa. Nilikupa mimi. Kidole hiki hakihisi kitu, hakihisi hata moto." Alikinyoosha, akamwonyesha baka la kuungua, jeusi na laini. "Nilijua kwamba sijui. Nikakuambia linafaa."

Mtaani mpiga debe wa viatu aliendelea kuimba bei zake. Siti alilitazama baka, kisha akamtazama Harshad usoni kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kustahimili.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Nilikuwa naamka usiku najitukana, babu." Sauti yake haikupanda. "Wiki tatu."

Neno samahani lilimjia Harshad, akaliona dogo mno, akalimeza. Marcelino alitoka na tairi moja lisilong'aa hata kidogo, lenye vumbi, akasita katikati ya duka, mazoea yakimvuta kwa mzee. "Hili je, mzee?" akauliza, kama alivyouliza miaka kumi na tisa.

"Mimi sijui," Harshad akasema. "Mpe mwenyewe."

Siti alilipokea. Alilizungusha, akaweka gumba lake juu ya jino moja, akabonyeza. Uso wake ukabadilika kidogo. Alibonyeza lingine, na lingine, akilizunguka tairi lote bila haraka, na Harshad aliyaangalia mafundo ya kile kidole kichanga yakipauka na kurudi rangi. Aliona wivu, wivu mkali wa mtu mwenye njaa, akaona na aibu ya kuuona.

Marcelino alilifunga. Siti alilipa bila kupunguziwa, akakataa aliposukumiwa pesa zake zirudi. Aliivuta baiskeli mpaka kizingitini. Mvua ilikuwa imeanza, watu wakikimbiza mabunda ya khanga chini ya mabati. Hapo alisimama, mgongo kwao.

"Upepo niweke kiasi gani kwenye yale mawe?"

Harshad alitaka kusema namba, lakini hakuwahi kuijua kwa namba. "Punguza," alisema. "Punguza mpaka gumba lizame nusu ya kucha. Lako."

Siti aliitikia kwa kichwa, au labda alikuwa akivuta kofia ya koti. Akaingia mvuani kuelekea stesheni. Harshad alisogea barazani amtazame, akamwona mpaka kona, kisha hakumwona. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Alinyoosha mkono nje ya bati. Matone yalikipiga kidole gumba, moja baada ya jingine, makubwa ya vuli, yakapasuka na kuchuruzika mpaka kwenye kiganja. Aliyahesabu kwa macho.