Kiapo cha Mjomba

Polisi aliyemkamata Mlingoti hakumkadiria umri kwa macho. Kwenye faili la kiwanda cha kufulia nguo alikuta hati ya kiapo, yenye muhuri wa wakili, kwamba binti huyu ana miaka kumi na minane. Akanakili. Sheria ina macho, ila husoma karatasi kabla ya kutazama uso. Ndivyo Mlingoti, aliyemchoma msimamizi wake mkono kwa pasi baada ya kutukaniwa mama, alivyolala siku tatu mahabusu ya wanawake wazima.

Umri wake wa kweli ulikuwa miaka kumi na mitano na miezi tisa. Aliyeapa alikuwa mjomba wake, fundi viatu. Kiwanda hakichukui watoto, na mama mtu alikuwa kitandani hajiwezi. Mtoto mwenyewe mrefu kama jina lake. Nani angeuliza?

Asubuhi ya kesi, mjomba alimwahi karani wa mahakama mlangoni.

"Mwanangu, hii kadi yake ya kliniki. Itie tu kwenye faili."

Karani akaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. "Mzee, huku kumi na tano, huku kumi na minane. Hakimu ataamini yenye muhuri. Labda aliyeapa asimame aseme alidanganya."

"Na akisema?"

"Atashitakiwa. Kiapo si salamu, mzee."

Mjomba akaichukua kadi, akaenda kukaa benchi la nyuma. Mlingoti alipoingizwa, akamwona.

"Mjomba! Leo umechana nywele?"

"Nyamaza. Ulimi huo ndio uliokuleta hapa."

"Ulionileta ni mkono. Ulimi hauna kesi."

Askari akamsukuma kizimbani. Mwendesha mashitaka akaomba arudishwe mahabusu, gereza la wakubwa, wiki mbili. Hakimu akashika kalamu.

Mjomba akasimama. Akainua kadi juu.

"Mheshimiwa, ile hati niliapa mimi. Ni uongo. Huyu hajafika kumi na sita."

"Wewe ni nani?"

"Mjomba wake. Nilitaka apate kazi."

"Unajua unachokisema?"

"Niliapa nikijua, na nasema nikijua."

Hakimu akaipokea kadi, akaisoma mbele na nyuma. Akaamuru kesi ihamie mahakama ya watoto, na binti akabidhiwe kwa ofisa ustawi wa jamii kabla ya saa sita. Kisha akamnyooshea mjomba ncha ya kalamu, askari akamshika.

Kwenye kaunta ya mahabusu, mjomba akavua mkanda, saa, na kamba za viatu. Mlingoti alisimama karibu akisubiri gari. Hakuwa na utani tena.

"Mama nimwambie nini?"

"Mwambie kesi yako imekwenda kwa watoto wenzio."

"Na wewe?"

"Mimi mtu mzima. Nenda, gari linakungoja."