Kofia Nne Ndani ya Punje ya Dengu

Ami Tijani, aliyenilea tangu baba yangu afe, aliniwekea sharti moja tu: nimalize tovuti ya duka, ndipo anipe radhi niende Lyon kuanza kazi. Ndege yangu ilikuwa Jumapili. Pasi ninayo, tiketi ninayo. Lakini kwetu mtu haondoki bila radhi, na mimi, pamoja na ujeuri wangu wote, jambo hilo naliogopa.

Tovuti yenyewe ilikuwa tayari tangu mwezi uliopita. Kilichobaki ni ile alama ndogo inayokaa juu ya skrini kando ya jina la ukurasa, isiyozidi punje ya dengu. Ami alitaka iwe picha ya ukutani: babu na ndugu zake watatu mlangoni mwa duka letu, hapa sokoni Tunis, kila mmoja na sheshia kichwani, kofia nyekundu ya sufu tunayoitengeneza hadi leo.

Niliipunguza picha. Ikawa tope.

"Mbona wamekuwa kama maharagwe yaliyoungua?" Ami akauliza.

"Ami, hao ni watu wanne ndani ya punje. Niache nimweke babu peke yake."

Laiti ningeng'ata ulimi! Shangazi Zbayda, binti wa mmoja wa wale ndugu, alikuwa ndiyo kwanza anaingia na kapu la kofia alizofuma nyumbani.

"Kwa hiyo baba yangu ndiye wa kukatwa? Mlimkata kwenye nyumba, mkamkata kwenye duka, sasa mmemfuata hadi pichani!"

Kufikia alasiri ukoo mzima ulikuwa na habari. Nusu yao hawasalimiani tangu ugomvi wa urithi, lakini siku hiyo walikubaliana kunigombeza. Nikaweka herufi ya kwanza ya jina la babu. Wakauliza kwa nini yake. Nikaweka mlango wa duka. "Mlango si baba wa mtu," Shangazi akasema. Ijumaa ikapita.

Jumamosi asubuhi nilizifuta nyuso zote. Nikafuta masharubu, majoho, mlango. Nikabakisha sheshia nne nyekundu, mbili juu, mbili chini, zote sawa. Zikaonekana wazi kabisa.

Shangazi Zbayda akagusa skrini. "Huyu ndiye baba. Aliilaza kushoto hivi hivi."

Sikuwa nimeilaza hata moja. Nikaipandisha kwenye tovuti.

Jioni Ami akawaita wote dukani. Wakaja, wakabanana, wakanywa chai, kila mmoja akimwonyesha mwenzake baba yake kwenye skrini. Walicheka. Begi langu lilikuwa limefungwa tayari. Nikainamisha kichwa mbele ya Ami, naye akaweka mkono juu yake.

"Mwanangu, miaka kumi na moja hawa hawajanywa chai pamoja. Wewe ndiye uliyewakusanya. Nani mwingine atawaweza? Nimeshawaambia huendi popote."

"Ami, uliniahidi radhi!"

"Radhi unayo. Ila ukibaki."

Vigelegele vikapigwa. Shangazi Zbayda akachukua sheshia mpya kapuni, akanivika, akaishusha mpaka masikioni.

"Tazameni," akasema, "imemkaa sawasawa."