Pateni ya Mazabodi

Mashine ya kutarizi ya Mama Nyuzi ilikuwa na sindano sita, na tangu Jumanne hakuna hata moja iliyosogea. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kompyuta iliyokuwa ikiipa amri, na ndani ya kompyuta, kilichokufa ni mazabodi, ule ubao mpana ambao vitu vingine vyote huchomekwa juu yake.

"Imejifia tu kwa uzee, shemeji," alisema mdogo wa mumewe, fundi wa nyaya za umeme majumbani, ambaye mambo ya kompyuta alijifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga. "Pole sana."

"Usinipe pole ya msibani. Niambie nyingine tunaipata wapi."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mashine ilipokea amri kupitia kadi moja ya kijani, na kadi hiyo iliingia kwenye sloti nyeupe ya zamani tu, ule ufa wa kuchomekea kadi. Mazabodi nyingi za siku hizi hazina sloti hiyo. Waliotengeneza mashine walishafunga kiwanda, hivyo kadi ya aina mpya haikupatikana hata kwa dawa. Bila sloti nyeupe, mashine ingebaki kuwa meza ya kuwekea vikombe, na makoti hamsini na mawili ya wauguzi waliokuwa wakihitimu yangerudi chuoni bila majina. Mahafali yalikuwa siku tisa mbele.

Binti wa Mama Nyuzi, aliyechora maua na herufi kwenye kompyuta hiyohiyo, naye alikuwa na ombi lake. Mazabodi itakayonunuliwa iwe na soketi, kile kiti cha prosesa, ya kukubali baadaye prosesa yenye nguvu zaidi, yaani ubongo mpya wa kompyuta, maana siku hizi akikuza ua moja kwenye skrini alikuwa na muda wa kwenda kunywa chai na kurudi.

Alhamisi wakaenda duka la vipuri. Muuzaji, bwana mnene ambaye miwani yake ilikaa kwenye paji la uso hata alipokuwa akisoma, aliwawekea maboksi mawili mezani.

"Hii ndogo ni nzuri, ila sloti ni mbili na zote mpya. Na soketi yake imefika mwisho, prosesa za toleo jingine haitazipokea. Hii kubwa ina sloti tano, na ya chini kabisa ndiyo hiyo nyeupe yenu. Soketi yake bado ina safari. Lakini tusikilizane, mama. Mfuko ukishafunguliwa, mali ni yako. Sirudishi."

Mama Nyuzi hakuwa mtu wa kuharakishwa. Katika miaka thelathini ya kushona, hakuwahi kutia mkasi kwenye kitambaa kabla ya kukata pateni, karatasi yenye umbo la kitakachoshonwa. Ukutani palining'inia mazabodi mbovu, pacha wa ile kubwa, iliyowekwa kwa ajili ya maonyesho. Akaomba iteremshwe. Akailaza juu ya karatasi ya kaki, akaizungushia penseli, kisha akakata.

"Mama, unaishonea gauni?" muuzaji akauliza.

"Nikiipenda, nitaishonea."

Walipofika nyumbani, shemeji alifungua kasha la kompyuta, akatoa vilivyokufa, na Mama Nyuzi akaingiza pateni yake. Upande mmoja wa karatasi uligonga kizimba cha diski ukajikunja. Akaunyoosha, ukajikunja tena.

"Imezidi kidole kizima," alisema shemeji, na furaha ikamtoka usoni. "Haiingii. Basi tuchukue ile ndogo, tutafute adapta ya kushikia kadi yako."

"Na kupitia hiyo adapta, mashine itatii?"

"Huenda."

"Huenda ni sentimita ngapi?"

Shemeji akacheka. Mama Nyuzi alikaa mbele ya lile kasha tupu mpaka chai yake ikapoa. Hakulaumu mtu. Aliwaza tu ni maneno gani angeyatumia kumwambia mkuu wa chuo.

Ijumaa asubuhi walirudi dukani, shemeji akiwa amebeba kasha begani kama mtu anayehamisha banda la kuku. Muuzaji akaitoa mazabodi ndogo kwenye boksi na kushika mkasi ili afungue mfuko. Mama Nyuzi, ambaye mikono yake haikuzoea kukaa bure, aliikunjua pateni akainyoosha kwenye kioo cha kaunta. Mwanga wa taa ya chini ya kioo ukapenya kwenye kaki. Akaona mstari wa penseli. Na nje ya mstari, kuzunguka pande zote nne, akaona ukingo wa karatasi, upana wa kidole, sawasawa kama uliopimwa.

"Weka mkasi chini, baba."

"Kuna nini?"

"Shemeji, njoo uone aibu yangu. Nimeweka nafasi ya mshono."

"Nafasi ya nini?"

"Ya mshono! Ule ukingo wa ziada wa kushonea. Nimeikata kama bega la koti. Mkono umezoea, haukuniuliza."

Shemeji aliliweka kasha chini kwanza, ndipo akacheka vizuri, ameshikilia kaunta. Muuzaji akafuta macho. "Na ya kupanua ikinenepa, mama, uliacha?"

"Cheka, cheka. Nipe huo mkasi."

Akakata kwa kufuata mstari. Akailaza karatasi tena juu ya ile mazabodi mbovu na kwa sindano akatoboa kila tundu la skrubu, yote tisa. Ndani ya kasha, karatasi ilitulia bila kugusa kizimba, na matundu tisa yakakaa juu ya vishikizo tisa. Hakuishia hapo. Alimwomba shemeji ile kadi ya picha waliyokuja nayo, inayoonyesha michoro ya binti yake kwenye skrini, nene kiasi cha kuziba sloti mbili, akaisimamisha mahali pake juu ya pateni. Sloti nyeupe ilibaki wazi chini yake.

"Hiyo kubwa," alisema. "Sasa fungua."

Muuzaji aliwapa na prosesa ya kawaida ya kuanzia. "Siku mkitaka yenye nguvu zaidi, sasisheni kwanza programu ya mazabodi wakati hii bado iko ndani. Mkiitoa mapema, mpya inaweza isiwake." Shemeji akaomba kalamu ya wino mzito, akayaandika maneno hayo upande wa ndani wa mfuniko wa kasha, kwa herufi kubwa.

Nyumbani, kabla ya adhuhuri, kadi ya kijani ilikuwa imeshazama kwenye sloti yake. Skrini ikawaka. Mama Nyuzi akabana kipande cha kitambaa chakavu kwenye fremu, akabonyeza, na sindano ya tatu ikashuka, ikapanda, ikashuka. Alikigeuza kitambaa kutazama mgongo wa mshono, kwa maana huko ndiko mashine husema ukweli. Ulikuwa safi.

Binti aliingia na mkoba wake bado begani. "Mama, soketi inakubali prosesa kubwa?"

"Inakubali. Makoti kwanza. Nipe uzi wa bluu."

Kufikia jioni, makoti saba yalikuwa na majina ya wenyewe.