Pengwini wa Meza ya Tatu

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, Katriena Beukes alikuwa uani kwake akitunga samaki wa chumvi kwenye kamba, akipitisha sindano machoni mwao mmoja baada ya mwingine. Fomu ya kamati ya urithi aliibana chini ya birika la kahawa ili upepo usiichukue. Upepo wa pwani hiyo ya Klipmond hauna adabu. Uliwahi kumnyang'anya mchungaji mahubiri yake mlangoni mwa kanisa, na waumini wakashukuru.

Fomu ilitaka filamu ya dakika kumi. Sehemu ya kwanza, urithi wa mahali. Sehemu ya pili, wanyama wa pwani. Sehemu ya tatu, viwanda vilivyokufa. Kamati ikiridhika, kiwanda cha samaki wa kopo kilichofungwa miaka ishirini na sita iliyopita kitalindwa na sheria, pamoja na nyumba kumi na nne za wafanyakazi zilizo mbele yake. Isiporidhika, kampuni itauza vyote kwa watu wa hoteli, na wakazi wawe wametoka ifikapo mwisho wa Juni. Katriena alikaa nyumba namba saba. Alizaa watoto watatu mle ndani, jeneza la mumewe lilitokea mlango ule ule, na hakuwa na mpango wa kwenda kokote.

"Sehemu tatu," alimwambia jirani yake Sanna Fortuin juu ya ukuta. "Na betri ya kamera ya maktaba haidumu hata saa mbili."

"Si uzipige zote kwa mpigo."

"Zitakaaje pamoja? Wanyama wako ufukweni, kiwanda kiko huku."

"Mimi nitajuaje? Nyapara ni wewe."

Hilo lilikuwa kweli. Kati ya miaka yake ishirini na minane kiwandani, Katriena alikuwa nyapara kwa kumi na minane. Alisimamia meza ya tatu, wanawake ishirini wa kupanga sadini koponi, na kazi hiyo haikuwahi kumtoka mwilini. Hata kanisani alikuwa akipita nyuma ya kwaya kuhakikisha wamesimama sawa. Wanakwaya hawakumpenda, lakini walisimama sawa.

Kamera ilitakiwa irudi maktaba Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Alhamisi asubuhi akamwendea Mzee Gert Apollis, aliyekuwa mpiga king'ora wa kiwanda na katibu wa chama cha wafanyakazi. Chama chenyewe hakikuwahi kuvunjwa, kwa sababu kikao cha kukivunja hakikutimiza akidi. Hivyo Gert alikuwa bado katibu, na muhuri ulikuwa bado mfukoni mwake. King'ora cha kuzungusha kwa mkono alikilaza chini ya kitanda, kimefunikwa blanketi zuri kuliko lake.

"Nataka sauti yake kwenye filamu," Katriena alisema.

"Nikikipiga watu watakuja."

"Watu gani, Gert? Nusu wako makaburini, nusu wana magoti mabovu."

"Mimi nakwambia tu. King'ora kikilia, mtu anakuja kazini. Ndivyo tulivyokubaliana na kampuni."

Zamani boti zikirudi zimejaa, Gert alipiga king'ora saa yoyote ile, na wanawake wakaacha walichokuwa nacho mkononi. Mmoja aliiacha harusi yake katikati ya kiapo, akaenda kupanga sadini, akarudi jioni kumalizia. Bwana harusi alikuwa amengoja pale pale. Naye alikuwa wa chumba cha mvuke, alielewa.

Wakakibeba hadi kiwandani, na Gert akazungusha mpini. Wa kwanza kufika alikuwa Sanna, aproni tayari imefungwa, akifuatwa na wanawake wengine wanne wa nyumba zile. Nyuma yao wakaja pengwini. Walipanda kutoka ufukweni kwa mstari, kumi na sita, kwa ule mwendo wao wa mtu ambaye suruali inamteremka. Walipita geti la pembeni, lile la wafanyakazi, wakakanyaga kwenye karo la dawa ya miguu ambalo halikuwa na dawa, wakaingia ndani, wakapanda masanduku na kusimama mbele ya meza ya tatu.

"Wamechelewa dakika nne," Gert alisema, akitazama saa yake.

Mkanda wa kubebea samaki ukaanza kutembea. Umeme ulikuwa umekatwa siku nyingi na mota iliuzwa kama chuma chakavu, lakini mkanda ulitembea, ukipiga kelele pale pale ulipokuwa ukipiga zamani, karibu na nguzo ya pili. Kwenye bomba la kutoka gatini, ambalo kutu ilikuwa imelitoboa hadi mtu anaona mawingu, sadini wakaanza kumwagika, wa baridi, magamba yanang'aa. Katriena aliokota mmoja akamnusa.

"Wa leo," alisema. Akaiweka kamera juu ya kreti, akaiwasha.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mpiga picha yeyote asingelifanya. Nyapara wa kiwanda cha samaki haangalii nyuso. Kwa miaka kumi na minane Katriena alikuwa ameangalia mikono, kwa kuwa mikononi ndiko kunakoonekana nani anapanga ovyo na nani anaota ndoto za mchana. Aliielekeza kamera kwenye mikono ya meza ya tatu, akakaza skrubu, akaridhika. Kwa kimo hicho wanawake walionekana kuanzia viganja hadi viwiko. Pengwini walionekana wazima.

Alikusudia kuacha kamera ifanye kazi yake, naye akae kando. Alivumilia kama dakika moja.

"Kichwa kwa mkia!" alipiga kelele. "Kichwa kwa mkia, kichwa kwa mkia! Nani aliyekufundisha wewe kulaza samaki kama nguo za kufua?"

Pengwini aliyeambiwa akageuza sadini wake. Wa pili yake alikuwa tayari amemeza watatu.

"Na atakayekula kazini namrudisha kwao!"

Pengwini huyo, jike pana lenye doa chini ya jicho, alifikiri kidogo, kisha akawatoa sadini wote watatu na kuwapanga mezani, kichwa kwa mkia.

"Asante," Katriena alisema. "Kaoshe mdomo."

Sanna hakuwa na raha. Nafasi namba tisa, ambayo ilikuwa yake tangu usichana, ilikuwa na mtu.

"Katriena, huyu kakaa kwangu."

"Kaitikia king'ora kama wewe."

"Mimi ni namba tisa tangu babu yake yuko kwenye yai!"

"Basi simama nyuma yake umwelekeze. Mikono, Sanna! Mdomo baadaye."

Sanna akasimama nyuma ya pengwini, akapitisha mikono yake pande mbili za mwili wake, na kwa saa nzima wakapanga pamoja, huku akimpa vidonge vyake kwa sauti ya chini. Pengwini alivumilia. Gert alipita na daftari la chama akiandikisha wanachama wapya, maana hakutaka kampuni ije kusema hawa ni vibarua.

"Jina?" aliuliza.

Pengwini akalia kama punda.

"La ukoo?"

Akalia vile vile. Gert akaandika, akapiga muhuri, akasogea kwa wa pili, naye akajibu hivyo hivyo. "Kumbe ni ndugu," Gert alisema.

Kufikia saa sita kasoro walikuwa wamejaza makopo mia tatu na arobaini. Katriena alikagua yote, akakataa mawili tu. Alikuwa na furaha. Hakuwa amefurahi namna hiyo tangu siku kiwanda kilipofungwa, akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia meza.

"Na sisi utatupiga lini?" Sanna aliuliza, akijipangusa magamba. "Nataka wanangu waone sura yangu."

"Sasa hivi. Jipangeni hapo ukutani, warefu nyuma." Akaigeuza kamera. Taa yake nyekundu ikapepesa mara mbili, ikazimika.

Kamati ilikuja Jumamosi ya wiki iliyofuata, ikakaa kwenye ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa Bi Marlese Greyling, mwanamke mpole mwenye koti la mvua, pamoja na mabwana wawili wenye penseli. Walitazama filamu mwanzo hadi mwisho. Bwana mmoja aliuliza kama sadini wale walivuliwa msimu uliofungwa. Gert alijibu kuwa hawakuvuliwa, walikuja wenyewe, na bwana yule akaandika.

"Na hii mikono?" Bi Greyling aliuliza.

"Yetu," Katriena alisema.

"Inawaziba pengwini kidogo. Lakini si neno, itakatwa." Akavua miwani. "Ni nadra sana kupata filamu ambayo urithi, wanyama na kiwanda ni kitu kimoja. Kiwanda hiki kitalindwa. Na nyumba zote kumi na nne zitalindwa, kwa ajili ya wafanyakazi wake."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Sanna akambusu Gert kabla hajaangalia ni nani. Bi Greyling alingoja kimya kirudi, kisha akaendelea kwa sauti ile ile. Wafanyakazi, kama filamu inavyoonyesha, na kama daftari la chama lenye muhuri linavyothibitisha, ni kumi na sita. Ni jamii inayopungua mwaka hadi mwaka, na inahitaji mahali pakavu pa kutagia mayai. Kila jozi itapewa nyumba, na zitakazobaki zitangoja watoto. Wakazi waliopo watatoka mwisho wa Juni, kama ilivyopangwa.

Gert akalichukua mezani daftari lake, alilowakabidhi mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyewafundisha," Katriena alisema akisimama.

"Inaonekana. Wamefundishwa vizuri mno."

"Nimekaa kiwandani pale miaka ishirini na minane. Sanna hapa, thelathini. Hao ndege wamekaa asubuhi moja!"

"Nakuelewa, Bi Beukes. Ila fomu ina urithi, wanyama na kiwanda. Wewe tungekuweka wapi?"

Katriena akakaa. Usiku huo hakula. Alikaa mezani ameshika tama, akijibu lile swali kwa namna kumi na mbili tofauti, zote nzuri, zote zimechelewa.

Gert hakukubali kushindwa kirahisi. Aliitisha kikao cha dharura cha chama, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita akidi ilitimia. Wanawake watano walihudhuria, Katriena wa sita, na pengwini wote kumi na sita, waliokaa mbele. Hoja ilikuwa moja: wakazi wabaki majumbani mwao. Mikono sita ikainuka. Gert mwenyewe hakuruhusiwa kupiga kura akiwa katibu. Pengwini hawakuinua kitu.

"Je, hamuungi mkono?" Gert aliwauliza.

Wakamtazama kwa heshima.

Katiba ya chama, ibara ya nane, inasema kuwa mwanachama aliyehudhuria akakaa kimya amehesabika kukataa. Iliwekwa wakati wa mgomo, ili waoga wasijifiche. Aliyeiandika ni Gert. Aliisoma mara mbili kwa sauti, akaondoa miwani, akatangaza kuwa hoja imeshindwa kwa kura kumi na sita dhidi ya sita.

"Gert, wewe ni mjinga," Sanna alimwambia.

"Najua," Gert alisema. "Lakini kikao kilikuwa halali."

Mwezi wa Juni ukapita kama miezi mingine. Mafundi walikuja wakashusha vizingiti vya milango kwa upole, wakiomba radhi kwa vumbi. Kwenye geti la kiwanda likabandikwa bango la shaba lenye majina kumi na sita, na kwa kuwa majina yote yalifanana, mchongaji alimaliza kazi mapema. Sanna alienda kwa mwanawe mjini. Gert alipata chumba nyuma ya kanisa. Katriena alikuwa anaenda kwa binti yake, bara huko kwenye mashamba ya ngano, katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya binti, kilomita sitini kutoka majini.

Siku ya mwisho alipiga deki nyumba nzima, hadi chini ya jiko, maana hakutaka mtu aje kusema Beukes kaacha nyumba chafu. Alipomaliza, walikuwa wamefika. Lilikuwa ni lile jike lenye doa chini ya jicho, na mumewe, wamesimama nje ya kizingiti kipya wakingoja kukaribishwa.

"Futeni miguu," Katriena alisema.

Wakafuta. Akawaonyesha dirisha lisilofunga vizuri, na bomba ambalo lazima ulipige teke kidogo, na kona ya chumba cha kulala isiyopata upepo. Pengwini dume akaenda kwenye kona hiyo, akazunguka mara moja, akakaa. Katriena alitaka kusema neno la kuwatakia heri, na alitaka pia kumrusha mtu kwa shingo. Akachukua masanduku yake akatoka.

Gari la mkwewe lilikuwa bado halijafika. Alisimama barabarani, upepo ukimvuta kitambaa cha kichwa, akaitazama namba saba kama mgeni anayetafuta anwani. Jike lilipanda kiti, likatokea dirishani, likamwona. Kisha likashika pazia kwa mdomo, sawasawa, pembeni ambapo halikunjamani, likalivuta hadi mwisho. Pazia hilo Katriena alilishona mwenyewe, mwaka alioolewa.