Makapi ya Mashabiki

Shemeji mtu alitembea kifua mbele, utadhani moto aliuvumbua yeye. Miaka ile mtandao ulipokuwa ungali unatambaa, ndiye aliyeitangaza kwa tovuti sinema kubwa ya joka la baharini, na tangu hapo hakula karamu bila kuisimulia. Tovuti yenyewe kampuni yake iliifuta zamani, wala hakushtuka.

Nakala alikuwa nayo mtunza kumbukumbu wa maktaba, mdogo wa mkewe. Aliichota kwenye diski kuukuu, moja baada ya nyingine: picha zilizofunguka kwa kujivuta, mchezo wa kumlenga joka, na, kando yake, kurasa walizojifungulia mashabiki wenyewe, zenye hadithi na michoro yao.

Jumapili moja walikuwa mezani kwa dada mtu.

"Shemeji, tunaadhimisha sinema yetu. Nipe tovuti," bwana yule alisema. "Ila yale makapi ya mashabiki yatupe. Wezi wa picha tu wale. Niliwaandikia barua za wanasheria, wakanywea kama kuku wa mvua."

"Uliwaandikia wewe?" mtunza kumbukumbu aliuliza.

"Mimi mwenyewe!"

Dada mtu aliweka kijiko chini. "Ukurasa wa joka la waridi uliusoma kabla ya kuufunga?"

"Nani asome upuuzi ule?"

"Ulikuwa wangu. Tulikuwa hatujajuana bado."

Bwana yule akainamia sahani. Mtunza kumbukumbu akadhani, kumbe hata huyu ana haya. Wapi! Haya hukaa usoni, na huyu uso aliuacha kwa mamaye. Alimeza, akapangusa midomo.

"Vizuri sana, mke wangu. Basi utatusainia kibali tuuweke?"

Dada mtu akacheka mpaka machozi, kicheko kisicho na chembe ya furaha. "Mdogo wangu, usimpe hata nukta."

Hakumpa. Shemeji akaajiri mafundi wakamtengenezea tovuti "ya kale" inayong'aa kama sufuria jipya, akaizindua, na hotuba juu. Waandishi wa habari wakampigia makofi, wangejuaje?

Ile ya kweli ilifunguliwa maktabani kwa yeyote atakaye. Siku ya kwanza walikuja watu wawili tu, mmoja wao dada mtu. Alisoma hadithi za wenzake mpaka mlinzi alipokuja kufunga. Simu ya mumewe ilipoita, aliiacha iite.