Turbo Haijui Shikamoo

Tadeo hakununua gari, alioa mke wa pili. Hivyo ndivyo Lucia alivyowaambia wanawake wa jumuiya pale Gendabi, na wala hakupunguza sauti mumewe alipopita. Mke mkubwa alikuwa na watoto wazima na goti bovu. Mke mdogo alikuwa wa kijivu, alitoka Arusha akiwa ameshatumika kwa watu, na alisifiwa kila jioni kuliko Lucia alivyosifiwa katika ndoa nzima.

"Injini ni cc elfu moja mia tano tu," Tadeo alianza kabla mgeni hajapewa hata kigoda. "Dizeli. Lakini ina turbo! Nguvu za farasi mia na kumi, kwenye injini unayoweza kuibeba kwa toroli."

Mgeni akiuliza turbo ni nini, basi amejitakia mwenyewe. Ataelezwa jinsi moshi unaotoka kwenye injini unavyozungusha kifeni, kifeni nacho kikasukuma hewa irudi ndani kwa nguvu, mpaka injini ndogo ikapata pumzi ya injini kubwa. Hicho kifeni, kwa maelezo ya Tadeo, kinazunguka haraka kuliko kitu chochote Hanang nzima. Lucia aliona mumewe amesahau umbeya, akaendelea kuchambua maharage.

Sifa zina mwisho, magonjwa hayana. Qamara, fundi wa Katesh, aliyataja yote siku ya kwanza alipofungua boneti, na Lucia alikuwepo akasikia. Dizeli ya kwenye madumu inaua nozeli. Safari fupi fupi za kwenda sokoni na kurudi zinajaza masizi kwenye sailensa. Oili ukichelewa kuibadilisha, umejichimbia kaburi.

"Na kubwa kuliko yote, mzee wangu," Qamara alisema, "ukimaliza kupanda mlima usilizime hapo hapo. Turbo inakuwa imewaka moto na kifeni bado kinazunguka. Ukizima, oili inasimama, inaungua humo humo. Liache liungurume kidogo lipoe, ndipo uzime."

"Nimeelewa," alisema Tadeo. Kuelewa hakujawahi kumshinda Tadeo. Kinachomshinda ni kile kinachofuata baada ya kuelewa.

Shida ilikuwa malezi. Marehemu mama mkwe wa Lucia, Mungu amrehemu na amnyime nafasi ya kusema huko aliko, alimfundisha mwanawe kwamba mkubwa hasalimiwi ukiwa umepanda kitu. Uko juu ya punda, shuka. Uko juu ya baiskeli, shuka. Tadeo akaipeleka sheria hiyo mpaka kwenye gari. Akimwona mzee kando ya barabara alisimama, akazima injini, akashuka, akavua kofia, akatoa shikamoo yake nzima nzima. Kumsalimia mzee huku injini inanguruma, alisema, ni sawa na kumsalimia huku unatafuna.

Wazee walimpenda kupita kiasi. Wazee wa wakulima na wazee wa wafugaji, ambao hawajakubaliana kuhusu malisho tangu enzi za babu zao, walikubaliana kuhusu Tadeo. Wengine walianza kuhamisha vigoda vyao karibu na barabara, wakikohoa gari likitokea. Na kila walipokohoa, turbo ilizimwa ikiwa inawaka.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka turbo ijifie kimya kimya, kama isingekuwa harusi ya Zita.

Zita alikuwa mtoto wa Agustino, kaka yake Lucia wa pekee, aliyefariki binti akiwa hajaota meno. Lucia ndiye aliyemsomesha. Miaka yote ya sekondari alilala kwenye chumba cha Lucia, akala ugali wa Lucia, akapigwa kwa mwiko wa Lucia alipostahili. Kwenye ukoo wao bibi harusi hatoki mlangoni kwa baba yake mpaka shangazi amshike mkono amtoe. Si mama, si mjomba. Ni shangazi. Lucia mwenyewe alitolewa hivyo, na hakuna kitu alichokitamani tangu kaka yake azikwe kuliko kumtoa binti yule pale Dongobesh, kisha washuke pamoja hadi kanisani Mogitu, kwa akina bwana harusi.

Alitaka kwenda na basi siku moja kabla. Tadeo akakasirika.

"Mama Julius, unataka watu wa Dongobesh waseme Tadeo ana gari na mke wake anakuja na basi? Tunaondoka asubuhi. Gari linapanda ule mlima likipiga mluzi."

Asubuhi waliondoka, na kwa kweli walikuwa na muda wa kutosha. Ila hawakuwa peke yao duniani. Kabla ya Katesh kulikuwa na wazee wawili waliokaa mbalimbali kwa makusudi, Lucia ana hakika ni makusudi. Mogitu kulikuwa na katekista mstaafu ambaye hujibu "marahaba" kisha huuliza habari za ng'ombe mmoja mmoja. Kila mara injini ilizimwa, kofia ikavuliwa. Lucia alikaa na zawadi mapajani, akihesabu Salamu Maria badala ya kutukana.

Walipofika Dareda, chini ya mlima, alimpigia simu wifi yake Monica, mama wa bibi harusi.

"Mko wapi?" Monica alikuwa ananong'ona. "Wameshafika, na baba yake mdogo bwana harusi, huyo Hhando, anasimama anakaa, anasimama anakaa. Anasema padre hasubiri mtu."

"Tunapanda sasa hivi. Asitoke mtu."

Kweli walipanda. Lazima haki itendeke: kigari kile kilipanda. Tadeo alikanyaga mafuta, mluzi ukalia, malori yakabaki nyuma yakihema, na Lucia kwa mara ya kwanza akaona kwa nini mwanamume mzima anaweza kupenda chuma. Walikuwa wamekaribia kabisa kumaliza kona za juu. Ndipo mtu mmoja akatokea pembeni, blanketi begani, fimbo mkononi, uso umekunjamana kwa jua, ng'ombe wake mbele.

"Baba Julius, usi—"

Ilikuwa imeshazimwa. Tadeo yuko chini, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo," akajibu yule mtu.

Wakatazamana. Hakuna aliyesema marahaba. Ikabidi wahojiane umri, kwa sababu kati ya watu wazima jambo kama hilo haliachwi likining'inia. Mchungaji alizaliwa mwaka wa njaa ya unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Mwaka huo Tadeo alikuwa tayari anachunga ndama.

"Basi shikamoo yako imenifikia kwa makosa," alisema mchungaji, kwa adabu kubwa. "Nisamehe, kaka. Shikamoo."

"Marahaba," alisema Tadeo, ameridhika kabisa.

Gari likawaka. Likaenda hatua chache, kisha mluzi ule ukageuka kuwa kilio, kikafuata kishindo kidogo, na moshi wa buluu ukajaa barabara mpaka ng'ombe wakakimbia. Tadeo akakanyaga. Injini iliunguruma lakini gari halikusogea zaidi ya kujikongoja, kisha likaacha hata kujikongoja. Farasi wote mia na kumi walikuwa wamekwenda zao. Lilizimika katikati ya kona, likiwa limeziba nusu ya njia, na oili ikaanza kudondoka chini.

"Turbo," alisema Tadeo kwa sauti ndogo.

Lucia alimwambia mambo ambayo hayaandikiki. Alitaja mlima, mama mkwe, kofia, na kila mzee wa Gendabi kwa jina. Simu haikuwa na mtandao. Alishuka na goti lake bovu akaanza kupanda kwa miguu, analia waziwazi, viatu vya harusi mkononi, Tadeo akimfuata nyuma.

Hawakufika mbali. Honi zikasikika juu, kisha gari lenye maua likatokea kwenye kona, likateremka, likasimama mbele yao kwa sababu gari bovu lilikuwa limebana njia hapo chini. Lucia akaona shela nyeupe nyuma ya kioo, akaelewa. Wamemtoa bila yeye.

Zita alifungua mlango mwenyewe. "Shangazi, nilisema nasubiri. Wakaniambia utanikuta njiani. Nilijua wananidanganya."

"Rudi ndani," alisema Lucia.

"Shangazi?"

"Nimesema rudi ndani, ukae."

Zita akakaa, akakusanya gauni. Lucia akafunga mlango. Akafuta uso kwa khanga, akavaa viatu, akafungua mlango tena, akanyoosha mkono. "Toka, mwanangu."

Binti akatoka akiwa ameshikwa mkono. Maneno ambayo Lucia aliyaandaa kwa miezi yalikuwa yamepotea yote, likabaki moja. "Baba yako angekuja kwa miguu," alisema, na wote wawili wakalia pale barabarani, poda ya watu ikaharibika.

"Inatosha, inatosha," alisema mzee Hhando kutoka kiti cha mbele. "Padre anasubiri. Mama, utatufuata, humu tumejaa."

Zita hakurudi ndani. "Akibaki yeye, nitabaki na mimi," alisema.

Ndipo Tadeo akasogea. Hhando alikuwa mkubwa kwake kwa mbali, mvi tupu, na alimwona anakuja na kofia mkononi, akainua kidevu kuipokea shikamoo yake. Kila mtu ndani ya gari alisubiri. Tadeo akaivaa kofia.

"Baba, shuka," alisema. "Hicho kiti ni cha mke wangu."

Mtu mmoja nyuma aliguna kama aliyechomwa na mwiba. Mzee Hhando alishuka, nadhani kwa mshangao tu, maana tangu awe na mvi hakuna mtu aliyewahi kumwamrisha bila kumwamkia. Alibaki amesimama kando ya barabara, fimbo mkononi.

Lucia akakaa mbele. Zita akaingia nyuma yake, akapitisha mkono ubavuni mwa kiti, na Lucia akaushika. Kupitia kioo alimwona Tadeo amesimama na oili kwenye viatu, karibu na mzee ambaye sasa angelazimika kukaa naye siku nzima, na hakuonekana kujuta hata kidogo. Lucia aliona mume wake ni mwanamume mzuri. Hakumwambia. Alimwambia dereva aondoke.